Usishushe Dashibodi Kabla Hujausikiliza Mlio

Mwanangu, kabla hujamruhusu mtu yeyote kushusha dashibodi ya hiyo Toyota Premio yako, nakuomba uzime redio, ufunge vioo, ukae ndani ya gari kimya. Usiniambie kwamba fundi wa mtaani kwenu amekwisha kusema tatizo ni nini. Yeye ameusikia mlio mara moja, amesimama nje ya mlango, huku upande wa pili wa gereji watu wanagonga bati. Wewe ndiye unayeishi na gari hilo. Unaingia nalo barabarani alfajiri, unarudi nalo usiku, na hakuna mwenye nafasi ya kulijua kukuzidi.

Nimechoka, sikufichi. Kazi ya umeme wa magari nimeianza enzi za Datsun na Peugeot 504, na sasa mgongo unakataa kuingia chini ya usukani. Lakini kinachonichosha zaidi si mgongo. Ni kuletewa gari lililopita kwa mafundi kadhaa, dashibodi imefunguliwa na kufungwa, skrubu nusu hazipo, vibanio vimekatika, redio inaning'inia, na ule mlio uliolipeleka gari gereji bado upo palepale. Plastiki ya gari la mwaka 2003 imepigwa na jua zaidi ya miaka 20. Vile vibanio vidogo vinavyoshika paneli havipindi tena, vinavunjika. Ukishusha dashibodi nzima kwa kubahatisha utapata milio mipya juu ya ule uliokuwa nao, kila paneli itatikisika kwa namna yake kwenye rasta na mashimo, na hakuna duka la spea litakalokuuzia mkazo wa kiwandani.

Uliponipigia simu nilikuuliza kinagonga wakati gani, ukanijibu, "Wakati wote, mzee." Hapana. Hakuna mlio wa wakati wote. Daktari mwema hamchomi mgonjwa sindano kabla ya kumwuliza homa inampanda saa ngapi, na wewe usiguse bisibisi kabla hujajua mlio unakuja lini na unanyamaza lini. Chukua karatasi uandike. Ufunguo ukiwa mfukoni, unalia? Ufunguo ukigeuzwa hadi taa za dashibodi ziwake, injini bado, unalia? Injini ikiwaka na gari limesimama? Gari likitembea, mlio unakimbia pamoja na magurudumu au unabaki na mwendo wake? Ukikanyaga breki? Ukikata kona? Ukigusa kitufe cha kiyoyozi? Maswali haya hayakugharimu hata shilingi, na majibu yake yataondoa sehemu kubwa ya vitu ambavyo ungevibadilisha bure.

Ipo milio isiyo na ubaya wowote, na inaniuma kuona watu wanatoa pesa kuitibu. Gari la Toyota la gia otomatiki, ufunguo ukiwa umewashwa na gia iko P, ukikanyaga breki utasikia tak moja karibu na mkono wa gia. Hicho ni kifungio kinachoizuia gia isitoke P mpaka mguu uwe juu ya breki. Ndani yake mna sumaku ya umeme, nayo ikivuta lazima isikike. Siku ikinyamaza ndipo utapata shida, maana gia itagoma kutoka. Vilevile gari lililoshinda juani likiegeshwa kivulini, plastiki na bati hujikunja na kutoa tik za hapa na pale mpaka vipoe. Achana nazo.

Indiketa nayo ina lugha yake. Kanuni za kimataifa za taa za magari zinataka iwake kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Ikikimbia kupita hapo upande mmoja tu, mara nyingi balbu moja ya upande huo imeungua, na flasha, kile kifaa kinachoiwasha na kuizima, inakupa taarifa. Nunua balbu, usinunue flasha. Na kama uliweka balbu za LED kwa ajili ya urembo, zile zinakula umeme mdogo mno kiasi kwamba flasha inadhani balbu imekufa. Hakuna kilichoharibika hapo ila mpangilio ulioubadilisha mwenyewe.

Halafu kuna jani kavu. Gari lako linalala chini ya mwarobaini, nami nimelisema hilo tangu ulipolinunua. Majani makavu huingia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, yakishuka humo na kukuta chujio limechanika au halipo kabisa, yanafika kwenye feni. Jani likigusa panga za feni hulia trrr, na mlio wake hufuata namba ya feni: weka moja, kisha weka nne, utausikia unakimbia, zima feni, unakufa papo hapo. Kwenye magari yetu haya ya usukani wa kulia, feni na chujio viko upande wa abiria, nyuma ya ile droo ya dashibodi. Droo inatoka kwa mkono, na dashibodi nzima inabaki mahali pake.

Mlio unaokwenda sawasawa na magurudumu, ukizidi unapokanyaga mafuta na kupungua unapofunga breki, kwenye magari ya zamani zaidi ya lako ulikuwa kebo ya spidomita iliyokauka grisi, na mshale wa mwendo ulicheza pamoja nao. Gari lako halina kebo hiyo, kwa hiyo akikuambia mtu ni kebo ya spidomita, mshukuru uondoke.

Ukilia wakati wa kukata kona, nenda uwanja ulio wazi, shusha kioo, kunja usukani hadi mwisho, zunguka polepole. Jointi ya ekseli iliyochakaa hulia takatakataka upande wa gurudumu, lakini chuma husafirisha sauti, na wewe uliye ndani utaapa kwamba iko kwenye dashibodi. Kisha simamisha gari, zungusha usukani gari likiwa halitembei. Kama mlio uko hapo, mkononi mwako, na honi inakatika au taa ya mfuko wa hewa inawaka, utepe wa umeme uliojikunja ndani ya usukani umechoka. Usukani usiufungue mwenyewe. Nitakueleza kwa nini.

Sasa liko moja ninaloliogopa kuliko yote, nalo halina kelele kubwa. Umefunga milango, ufunguo uko mfukoni, na bado ukiinamia upande wa usukani unasikia tik, kimya, tik. Hapo sina budi kushuku kitu kilichoongezwa. Magari haya yanashuka bandarini yakiwa na nyaya safi, kila waya na rangi yake, kila kiungo na soketi yake. Kisha inafungwa alamu. Kisha kifaa cha GPS cha kulifuatilia gari. Kisha swichi ya siri ya kukata injini. Kisha redio nyingine, kwa sababu ile ya Kijapani inaishia masafa ya megahezi 90 na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kila anayekuja anachubua waya, anasokota, anazungushia tepu nyeusi, anapokea chake, anaondoka. Joto la Dar es Salaam linalainisha gundi, tepu inafunguka taratibu, na waya ulio uchi unabaki unacheza karibu na chuma. Rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, ikipata umeme kwa kudokoa ndiyo inayolia hivyo: inavuta, inaachia, inavuta.

Rilei moja iliyobaki imevuta inaweza kula ampea 0.15. Inaonekana ndogo, lakini kwa saa 24 ni ampea-saa 3.6, na betri ya ampea-saa 45 iliyokwisha kuzeeka haihitaji siku nyingi ili ishindwe kuzungusha stata. Mwenye gari anauziwa betri mpya, nayo inakauka vilevile. Dawa yake ni uvumilivu. Fungua kisanduku cha fyuzi chini ya dashibodi upande wa dereva. Chomoa fyuzi moja, sikiliza, irudishe mahali pake ndipo uchomoe nyingine, ukiandika kila hatua. Ile itakayounyamazisha mlio imekuonyesha njia ya umeme unaolilisha tatizo. Zikiisha zote na mlio bado upo, jua kuna waya uliovutwa moja kwa moja kutoka kwenye betri au swichi ya ufunguo, na huo ndio wa kuufuata kwa mkono, sentimita kwa sentimita.

Na nakusihi, ukikuta fyuzi ya ampea 10 imeungua, usiweke ya 30. Usifunge karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi imewekwa ife kabla waya haujapata moto. Ukiifanya isife, umeuambia moto uanze ndani ya dashibodi, mahali ambapo huuoni mpaka moshi utoke kwenye matundu ya hewa, na pengine wakati huo watoto wamefungwa mikanda kiti cha nyuma.

Kuipata rilei inayolia hakuhitaji mashine. Weka ncha ya kidole juu ya kila kijisanduku. Ile inayofanya kazi inakurukia kidoleni. Mahali ambapo mkono haufiki, chukua kipande cha mpira mwembamba wa maji, ncha moja iweke sikioni na nyingine uipitishe polepole nyuma ya paneli. Mlio utaongezeka ghafla unapofika penyewe. Ndivyo nilivyofundishwa, na sijaona kilichouzidi ule mpira kwa kazi hiyo.

Usichanganye hayo na tak-tak-tak-tak ya haraka unapojaribu kuwasha gari na stata haizunguki. Hiyo ni njaa ya umeme. Betri dhaifu ina nguvu ya kuvuta rilei, lakini stata ikidai chake volti zinaanguka, rilei inaachia, betri inapata nafuu, rilei inavuta tena. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.6, na injini ikiwa inawaka utaona kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Kabla ya kununua chochote angalia vichwa vya betri kama vimeota unga mweupe au wa kijani, na ule waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi kama umelegea.

Kiyoyozi nacho kina mlio wake wa kukata na kurudi. Gesi ikipungua, swichi ya presha inaizima kompresa ili isijiue, presha inapanda kidogo, inaiwasha, inashuka, inaizima. Kila mzunguko una tak yake, na kama mzunguko ni wa sekunde chache chache, gesi imevuja. Watu hujaza gesi ya R134a kila kiangazi na kulalamika kwamba imekwisha. Gesi haiishi kama petroli. Imetoka mahali, na mahali hapo ndipo pa kupatafuta kwanza.

Sasa tufike kwenye tatizo lako, maana baada ya kukubana kwenye simu ulinijibu vizuri: unageuza ufunguo asubuhi, inagonga tak-tak-tak kwa sekunde kadhaa upande wa abiria, inanyamaza, halafu inarudi ukibadilisha joto la kiyoyozi. Ungeanza na maneno hayo tungekwisha kumaliza siku ile.

Nyuma ya dashibodi ya gari lenye kiyoyozi cha kujiendesha mna vilango vidogo. Kimoja huchanganya hewa ya baridi na ya moto, kingine huipeleka usoni, miguuni au kiooni, kingine huchagua kati ya hewa ya nje na ya ndani. Kila kimoja kina mota ndogo ya umeme na gia za plastiki. Kompyuta ya kiyoyozi huiambia mota ifike mahali fulani, na mota hujibu imefika wapi. Meno ya gia yakivunjika, mota inazunguka, jino zima linashika, lililovunjika linateleza, na kila kuteleza ni tak. Baada ya sekunde kadhaa kompyuta inakata tamaa, kukawa kimya. Ndiyo maana ulidhani limepona lenyewe.

Usiniamini bado. Thibitisha. Washa umeme bila kuwasha injini, feni iwe chini kabisa. Peleka joto kutoka baridi ya mwisho hadi moto wa mwisho. Badilisha uelekeo wa hewa. Bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kitufe kitakachouamsha mlio ndicho kinachokutajia mota. Toa droo, iguse mota hiyo kwa kidole uone kama inaruka, kisha zima umeme, chomoa soketi yake, washa tena, rudia kitufe kilekile. Mlio ukifa, umeipata, na hujafungua chochote zaidi ya droo.

Hatua inayofuata wengi wanairuka. Mota ikitoka, shika kile kijiti cha mlango wa hewa kwa vidole ukigeuze mwenyewe. Kiende laini toka mwanzo hadi mwisho. Kikikwama, kuna kitu ndani, kalamu iliyodondokea kwenye tundu la hewa, sarafu, au majani ya mwarobaini wako, na hicho ndicho kilichovunja meno. Mota mpya itavunjika vilevile. Kitoe kwanza.

Nilisema nitakueleza juu ya usukani. Nyuma ya dashibodi upande wa abiria, na katikati ya usukani, kuna mifuko ya hewa inayofumuliwa kwa baruti. Soketi na nyaya zake ni za rangi ya manjano ili uziogope. Usizipime kwa testa, usizichomoe kwa pupa. Maelekezo ya Toyota kwa mafundi wake ni kuzima ufunguo, kutoa waya wa hasi wa betri, na kungoja angalau sekunde 90 kabla ya kugusa, kwa sababu mfumo unatunza umeme wa akiba. Nawe umesikia habari za Takata, kampuni ya Japani ambayo vifumulio vyake vilizeeka kwa joto na unyevu wa miaka mingi, vikapasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa watu. Mamilioni ya magari yaliitwa kurudishwa duniani kote, na kampuni yenyewe ikaomba kinga ya kufilisika mwaka 2017. Joto na unyevu ndiyo hali yetu ya pwani mwaka mzima. Peleka namba ya chasisi kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari lako, uulize kama limo kati ya hayo yaliyoitwa. Hili ulifanye hata kama mlio umekwisha.

Kuhusu yule fundi wa mtaani, usimchukie. Ana watoto kama wewe. Sisi wenye magari tumemzoesha kulipwa kwa kitu anachofunga tu, akikaa saa mbili anasikiliza na kuchomoa fyuzi, tunamwambia, "Mbona hujafanya kitu?" Basi akitaka kula lazima apate cha kufunga. Nenda kwake kesho umwambie kwamba utamlipa saa zake za kutafuta, hata kama jibu litakuwa jani moja kavu. Mpe karatasi yako. Kaa naye, umshikie tochi. Utashangaa jinsi mtu huyohuyo anavyofanya kazi akijua utafutaji wake una thamani, na dashibodi yako itabaki mahali pake.

Spea ya mota utaipata Ilala, ya mtumba, kutoka kwenye gari la aina hiyo lililokatwa. Nenda na ile yako mkononi, ulinganishe namba iliyochapwa ubavuni, umbo la soketi na uelekeo wa kijiti. Mwombe muuzaji akuruhusu uigeuze gia yake usikie kama ina mkwaruzo. Ukirudi, ifunge, washa umeme, pitisha joto toka baridi hadi moto mara kadhaa kabla hujarudisha droo. Baadhi ya magari yanahitaji waya wa betri utolewe kwa dakika chache ili kompyuta ijifunze upya mwanzo na mwisho wa mlango, basi andika stesheni za redio yako kabla, zisikupotee. Na ile mota ya zamani usiitupe. Ifungue mezani, uyaone meno kwa macho yako, kisha unipigie simu uniambie gia ipi ndiyo iliyovunjika.